Dada Wanne Kwenye Kadi Moja

Chuoni kwetu wanamwita Posta. Si jina lake, lakini ukimwita kwa jina lake halisi anachelewa kugeuka, na ukimwita Posta anaitika hata hujamaliza. Ni fundi wa kompyuta wa chuo chetu cha wauguzi, mzee wa miaka sitini na kidogo, mwembamba, shati limechomekwa, miwani imefungwa kamba ikazunguka shingo. Leo nataka kumsema. Nataka kumsema kwa mema, maana kwa mabaya nilishamsema vya kutosha, tena kwa sauti.

Mimi ni katibu muhtasi wa mkuu wa chuo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Hasira zangu ni za karibu. Nalisema mwenyewe mapema, kabla hamjaambiwa na mhasibu, ambaye chumba chake kinapakana na changu na masikio yake hayana kazi nyingine.

Posta hakuzaliwa na kompyuta. Miaka ishirini na sita alifanya kazi posta, kwanza akigawa barua kwa baiskeli, baadaye akahamishiwa chumba cha nyuma, kwenye kabati la mbao lenye vijumba, kila kijumba mtaa wake. Anasema alikuwa anaweza kusoma mwandiko wa daktari, wa mlevi na wa mtoto wa darasa la kwanza, na barua zote tatu zikafika. Kisha barua zikaanza kupungua, mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja watumishi kumi na wawili wakaitwa ofisini wakapewa mkono wa kwaheri. Wenzake wengine walirudi mashambani. Yeye alikwenda kukaa darasani na vijana wa umri wa binti zake, akajifunza kompyuta. Mwalimu akamwuliza, mzee, umefuata nini huku? Akajibu, "Barua zimehamia humu. Nami nimezifuata."

Mkewe ni mshonaji. Ndiye aliyemshonea lile begi la turubai analotembea nalo, lenye mifuko ya bisibisi, mfuko wa brashi ya kupangusia vumbi na mfuko wa leso, maana Posta hagusi mashine ya mtu kabla ya kufuta mikono.

Sasa, ukimwita aje kutengeneza kitu, jiandae kungoja. Anaingia, anasalimia. Anauliza habari za nyumbani, na anasubiri jibu! Anavuta kiti, anapangusa vitufe kimoja kimoja kama anaosha uso wa mtoto. Halafu anafanya jambo lililokuwa likinipandisha presha kila mara: anachomoa waya wa mtandao. Hata kama tatizo ni printa imemeza karatasi, atachomoa waya kwanza.

"Mzee wangu, huo waya umekukosea nini?" nilimwuliza siku moja.

"Bi Katibu," akasema, "barua ikishadondoka sandukuni, mwenye nayo hata alie vipi, sina ruhusa ya kumrudishia. Ndiyo maana mimi nasimama kwanza mlangoni. Mwenda pole hajikwai."

"Na kazi zangu nazo zisimame mlangoni?"

"Zitakaa kidogo," akasema, na akaendelea kupangusa.

Tatizo kubwa la mashine za chuo chetu, nawaambia, halikuwa virusi wala umeme. Lilikuwa ni kitabu cha anwani, kile cha ndani ya programu ya barua pepe. Na chanzo chake ni sisi wenyewe, kwa sababu sisi hatuitani kwa majina. Nani atamwita mama wa stoo ya dawa kwa jina lake? Ni Mama Dawa. Fundi wa jenereta ni Mzee Jenereta. Kwa hiyo kila mtu alipoingiza watu wake kwenye kompyuta, aliwaingiza kama anavyowaita: Mama, Mzee, Mwalimu, Mjomba, Mheshimiwa, Muuguzi Mkuu. Karibu kitabu kizima kilihamia herufi M. Herufi nyingine zilibaki kama nyumba iliyohamwa na wapangaji. Mhasibu peke yake alikuwa na watu watano wanaoitwa Bosi, na mmoja wao alikuwa mtoto wake wa miaka minne aliyefunguliwa anwani kwa ajili ya michezo.

Kompyuta nayo ina kiherehere. Ukianza kuandika jina, inakumalizia. Mkuu wetu wa chuo alitaka kumwandikia mkewe jioni moja. Akaandika "Mke", mashine ikajua inamsaidia, ikamalizia "Mkemia". Mkemia ni mwalimu wetu wa kemia ya dawa, mwanamume wa makamo mwenye ndevu. Akapokea barua kutoka kwa mkuu wa chuo: "Mpenzi, leo nitachelewa. Usinisubiri kula, nibakizie hata kidogo." Akajibu kwa adabu zote: "Mkuu, nimepokea. Ila kwangu hakijabaki kitu."

Tulicheka mpaka tukaketi chini. Posta aliitwa, akachomoa waya, akauliza swali lake la siku zote: "Huyu unamwita nani, na yeye mwenyewe anaitwa nani?" Hakucheka, lakini nilimwona mabega yakimtikisika. Mimi nilimcheka mkuu wiki nzima, nikitia chai nacheka, nikipiga muhuri nacheka.

Basi, yangu yakawa makubwa kuliko ya mkuu, na hayakuwa ya kuchekesha.

Nyumbani tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu. Amenizidi miaka tisa. Sijawahi kumwita kwa jina lake hata siku moja, sembuse kuliandika. Ningemwitaje kwa jina mtu aliyenibeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto? Ni Dada, basi. Alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu, anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima.

Mama yetu aliugua miaka miwili, na aliyemuuguza ni mimi. Dada alikuja mara chache. Na alikuwa na sababu, sababu niliyoijua vizuri: shemeji yangu alikuwa amepata kiharusi, na Dada ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko. Nilijua yote hayo. Lakini uchovu na uchungu vikikutana ndani ya mtu mwenye mdomo kama wangu, jamani, lisilotarajiwa hutokea.

Wiki moja baada ya kumzika mama, wajomba na shangazi wamejaa sebuleni, Dada alisimama jikoni akaniuliza birika liko wapi. Swali la kawaida kabisa. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Utajuaje vitu viliko? Wewe kwa mama ulikuwa mgeni, hukuwa mtoto."

Loo! Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi mbele ya ukoo mzima. Dada hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akachukua mkoba wake. Mlangoni akanigeukia.

"Mdomo wako unatangulia akili tangu utotoni," akasema. "Usinipigie simu, sitapokea. Wala usinitumie vile vijumbe vya simu vya maneno matatu. Siku ukishafikiri, kaa kitako uniandikie barua, barua yenye kichwa na miguu. Nitaisoma."

Akaondoka. Mama hayuko, baba alitangulia zamani. Nikimkosa Dada, duniani sina mwingine wa tumbo moja.

Nilifikiri wiki tatu, kisha nikaandika. Sikuwa nimewahi kuandika kitu kigumu kama kile, na mimi kuandika ndiyo kazi yangu. Barua za serikali naandika nikiwa napiga miayo, lakini ile ya kusema "nilikosa" ilinitoa jasho. Nikaituma kwa barua pepe wakati wa mapumziko ya mchana, mlango nimeufunga. Siku ya kwanza kimya. Wiki, kimya. Nikaandika ya pili, nikamweleza jinsi mama alivyokuwa akimtaja kila asubuhi, na jinsi wivu ulivyonila kwa sababu mimi niliyekuwa pale sikutajwa. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Kimya. Ya tatu, ya nne. Ya tano niliomba msamaha tu, toka juu hadi chini. Ya sita nilimwuliza hali ya shemeji. Ya saba ilikuwa mistari minne: Dada, najua unasoma. Hata ukinitukana, nijibu.

Miezi mitano ikapita, barua saba, jibu hakuna hata moja. Nilikonda. Mhasibu akaniuliza kama nafunga. Nikamwambia afunge yeye, mdomo wake.

Mtu akinyimwa jibu muda mrefu, toba yake inaanza kuchacha. Nikaanza kusema peke yangu: kwani mimi nimeua? Saba! Hata Mungu anajibu! Na siku ya Jumanne, asubuhi, nilipoamka nikakuta simu haina chochote na barua pepe haina chochote, nikaingia ofisini, nikakaa kitako kama nilivyoagizwa, nikaandika ya nane. Kichwa chake nilikiandika kwa herufi kubwa: MWISHO. Sitairudia yote hapa, naona aibu. Sentensi moja inatosha: "Kuanzia leo hesabu kwamba mama yetu alizaa mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi."

Kwenye nafasi ya mpokeaji nikaandika "Dada", nikabonyeza Tuma.

Mashine ikagoma. Ikaniletea maneno: Kitabu cha anwani hakiwezi kufunguliwa. Jina "Dada" halikutambulika. Barua imewekwa kwenye zinazosubiri, itatumwa jina litakapopatikana.

Ebo! Nikajaribu tena, ikasema yale yale. Jana yake umeme ulikuwa umekatika ghafla mashine ikiwa inafanya kazi, na lile faili la anwani likavunjika, lakini mimi wakati ule sikujua wala sikutaka kujua. Nilichotaka ni barua yangu iende kabla hasira hazijapoa. Nikampigia Posta simu.

"Mzee, njoo sasa hivi. Sasa hivi ya watu wengine, siyo ya kwako."

Alikuja na begi lake. Akasalimia. Akauliza habari za nyumbani, nikasema nyumbani ni kwema, ilhali macho yamenivimba. Aliyaona, najua aliyaona. Akafuta mikono kwa leso, akavuta kiti, akainama chini ya meza, akachomoa waya.

"Unaona sasa!" nikamlipukia. "Nina barua ya haraka, wewe unachomoa! Ndiyo maana walikutoa posta!"

Maneno yale yalinitoka, na yakasikika mpaka kwa mhasibu. Posta alikaa, akafungua folda moja na nyingine, akaeleza polepole kama anazungumza na mwanafunzi: lile faili limeharibika, halitengenezeki, lakini mashine ina nakala ya akiba ya Ijumaa, ataitoa hiyo na kuirudisha mahali pake. Ila akiirudisha lazima tupitie majina, kwa sababu nakala nayo inaweza kuwa na matatizo ya siku nyingi.

"Yapitie wewe. Mimi sina macho ya kuona majina leo."

Akapitia. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimempa mgongo, nasikia kipanya kikibofya. Kikanyamaza.

"Bi Katibu, huyu unamwita Dada. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

"Dada ni dada yangu. Kuna la kuuliza hapo?"

"Lipo. Hapa Dada mmoja ana anwani nne."

Nikageuka. Kadi ilikuwa imefunguka kwenye kioo. Juu jina moja, Dada. Chini yake anwani nne zimepangana. Ya kwanza ilikuwa ya dada mmoja wa kampuni inayotuletea karatasi na bahasha. Ya pili, dada wa maktaba. Ya tatu, dada wa bima. Ya nne, chini kabisa, ilikuwa ya dada yangu.

"Nani aliwaweka hawa pamoja?" nikauliza.

"Mashine hii ililetwa lini?"

Mwezi ule ule baada ya msiba. Nikakumbuka. Siku ile walipoiwasha mara ya kwanza, kikatokea kidirisha: Tumepata majina yanayofanana. Tuyaunganishe? Mimi nachukia kuulizwa maswali na mashine. Nilibonyeza Ndiyo bila hata kusoma mstari wa pili, nikaendelea na kazi. Na ile wiki nilikuwa nimeagiza karatasi.

"Iliyotumiwa karibuni huwekwa juu," Posta akasema. "Ukiandika Dada, inakwenda ya juu. Hizi nyingine haizigusi."

Nikasogea nyuma ya kiti chake. Akafungua folda ya zilizotumwa. Zikaonekana saba, kila moja imeandikwa Dada. Hapo ndipo ilipokuwa hila ya mashine, kwamba ukitazama orodha unaona jina tu, na jina lilikuwa sawa. Akaweka kipanya juu ya la kwanza, akabofya, anwani ikajitokeza nyuma ya jina. Kampuni ya karatasi. La pili, kampuni ya karatasi. Alibofya zote saba na hakuruka hata moja, na kila alipobofya mimi nilisema "na hiyo?" kana kwamba moja ingeweza kunihurumia.

"Hazijafika," nikasema.

"Hazijafika, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nikaketi kwenye kiti cha wageni nikalia kilio cha msibani, na mhasibu kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutia neno. Miezi mitano Dada yangu amekaa kwake na mgonjwa wake kitandani, akingojea barua aliyoniagiza. Miezi mitano anaamini sikumwandikia hata mstari. Na mimi namwona yeye ndiye mwenye moyo wa jiwe!

Posta alitumia simu yake mwenyewe kuwapigia wale wa karatasi. Yule dada aliacha kazi zamani. Sanduku lake la barua bado lipo, walisema, lakini hakuna mwenye funguo, kwa hiyo linapokea tu, halisomwi. Angalau siri ya wivu wangu haikutembezwa mtaani.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kuna moja inasubiri. Kichwa chake MWISHO. Sisomi barua za watu, lakini kichwa kinaonekana."

Nikainuka kwenye kiti cha wageni.

"Nimeshaitenga anwani ya dada yako, imekaa peke yake. Sasa mashine inamjua. Nikirudisha waya, hii itaondoka yenyewe. Haitauliza tena, na itafika." Akavua miwani, akaipangusa. "Barua ni ya mwenye nayo. Miaka ishirini na sita sikuzuia barua ya mtu, hata zile ambazo bahasha tu ilikuwa inanuka ugomvi. Nakuuliza tu, una haraka nayo?"

Fikirini. Fundi mwingine yeyote, kijana mwepesi, angeitengeneza mashine ile na kuzitenga zile anwani kwa dakika tano, waya ukiwa mahali pake. Barua saba za toba zisingefika kamwe, na ya nane ingefika ndani ya sekunde moja. Dada angefungua simu yake baada ya kungoja miezi mitano, na neno la kwanza kutoka kwangu lingekuwa MWISHO. Nikifikiria hilo, mpaka leo nasema asante, Mungu, kwa watu wanaokwenda polepole.

"Sina haraka," nikasema. "Nionyeshe pa kufutia."

Akanionyesha kitufe, lakini hakukibonyeza yeye. Aliondoa mkono kwenye kipanya, akageuza kiti, akatazama ukutani mpaka nilipomaliza. Nilifuta, kisha nikaenda kwenye pipa la taka la mashine nako nikafuta.

"Na hizi saba?" nikamwuliza. "Niandike moja mpya, nieleze?"

"Sisi barua zikipotea halafu zikaonekana, tunazipeleka zote, hata kama zimechelewa. Kwa mpangilio wa tarehe. Mwenye nazo anastahili kuziona zilivyokuwa."

Akarudisha waya, tukazituma moja moja, kila moja na tarehe yake ya zamani, na juu nikaongeza mistari miwili: Dada, nilikuandikia, zikapotea njiani kwa kosa la mkono wangu. Zisome kwa zamu. Kabla ya kila kutuma, Posta alinifanya nibofye jina nione anwani iliyo nyuma yake. Mara saba. Sikulalamika hata mara moja. Nilipotaka kumwomba radhi kwa lile neno la kutolewa posta, alikuwa ameshainama chini ya meza anakusanya vitu vyake. Nikauambia mgongo wake. Mgongo ukasema hakuna neno.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Posta alipita mlangoni asubuhi, akachungulia, "Bado?" Nikasema bado. Alipita tena mchana. Ijumaa alipita mara tatu, na yule si mtu wa kupanda ngazi ovyo, magoti yanamsumbua. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba zimechelewa mno, kwamba kuna kungoja kunakomaliza upendo wa mtu. Jumatatu nilipofungua mashine, barua ilikuwepo. Niliinuka nikaisoma nimesimama.

"Mdogo wangu. Nimezisoma zote kwa zamu, na ya pili nimeirudia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia majirani kwamba sina ndugu. Katika ya tano umeandika samahani mara kumi na moja, moja ilitosha. Shemeji yako ameanza kushika kijiko mwenyewe. Atabaki na mwanae siku mbili, nami nakuja Alhamisi."

Nilishuka ngazi mbio hadi chumba cha Posta, kile kidogo karibu na stoo, chenye makava ya kompyuta yaliyorundikwa mpaka darini. Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akapenga kamasi kwenye leso, akasema vumbi la humu limezidi.

Dada alikuja Alhamisi. Hayo ya sisi wawili kukutana langoni sitayaeleza, tulifanya vituko, mlinzi alidhani kuna mtu amekufa. Alipotulia akasema anataka kumwona mzee wa kompyuta kabla ya kwenda nyumbani, anataka kumshukuru kwa mkono wake. Nikampeleka.

Posta alisimama, akamkaribisha kiti kimoja alicho nacho. Dada akakataa kukaa. Akamwambia amekuja kusema asante kwa barua saba, maana zile barua zimemrudishia mtoto aliyembeba mgongoni. Alisema vizuri, kama mwalimu mkuu. Halafu akanigeukia mimi.

"Na baada ya ya saba? Ya saba ina mwezi na zaidi. Wewe nakujua, huwezi kunyamaza mwezi. Hukuandika tena?"

Nilimtazama Posta. Posta alitazama bisibisi yake. Ningeweza kusema sikuandika, na hakuna ambaye angejua, maana niliifuta mara mbili. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na kitu kati yangu na yeye.

"Niliandika ya nane, Dada. Haikuondoka."

"Ilikuwa mbaya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Dada akaweka mkoba wake juu ya lundo la makava, akauchukua mkono wa Posta kwa mikono yake yote miwili, akaushika hivyo hivyo, na machozi yakaanza kumtoka upya.

"Kumbe nilikuja kukushukuru kwa zile zilizofika," akamwambia. "Baba, asante kwa hii ambayo sitaisoma."

"Mimi sikuizuia, mama," Posta akasema. "Nilivuta muda kidogo tu. Aliyeifuta ni yeye."